Mpira Uliobaki Juu

Kule gereji walimwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haukujua kufunga. Angefungua injini nzima huku akisimulia ndoa ya jirani, na mkono usikosee nati. Kisha kiharusi kikampiga upande mmoja na kuondoka na maneno yote. Si kingechukua mguu tu, kikamwachia mzee wa watu ulimi wake!

Jumamosi hiyo walimkalisha kibarazani amtazame mkwewe akibadilisha oili na filta ya gari. Gari hilo ndilo lililobaki kulisha nyumba. Jumatatu mkwe angeanza nalo teksi. Kusema kweli, kijana alijitahidi. Aliacha injini ipoe, akaweka mawe kwenye magurudumu, na hakuingia chini mpaka gari lilipokaa juu ya stendi za chuma, maana jeki haina undugu na mtu. Yote hayo alifundishwa na Redio mwenyewe, naye alimtikisia kichwa kila hatua, roho yake kwatu.

Filta kuukuu ikatoka. Mkwe akaiweka kwenye beseni, mdomo juu. Redio akaitazama, moyo ukampasuka: mpira wake wa duara haukuwepo. Umebaki juu, umeganda kwenye injini. Na mkwe tayari anapandisha filta mpya yenye mpira wake! Mpira juu ya mpira haushiki. Ukiwasha gari, mpira unatulia; ukikanyaga mafuta, oili yote inamwagika na injini inakufa.

"Aa! Aa!" Redio akaunganisha kidole gumba na cha shahada, duara, akalitikisa hewani.

"Mama, Baba anataka nini?" mkwe akauliza kutoka chini ya gari.

Mkewe Redio akautazama ule mkono. "Pete! Tulimvua kule hospitali. Jamani, baba watoto, miezi yote hii unaililia pete yako?"

Akakimbilia ndani. Redio akajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Akajaribu kusema "mpira", neno alilolitamka maisha yake yote, likatoka "aa". Mkewe akarudi, akamvisha pete, kisha akaushika mkono ule ule kwa mapenzi, asiuachie.

Mkwe akamimina oili mpya, akalishusha gari, akawasha, akachungulia chini. Pakavu. "Safi kabisa, Baba! Ngoja nizunguke nalo kidogo."

Gari likatoka getini. Redio akatega sikio. Halijafika mbali akasikia vyuma vikigongana, kisha kimya. Mkewe hakusikia kitu. Machozi yakamtoka.

"Lia tu, mume wangu," mkewe akasema, akimfuta. "Hata mimi nimeikumbuka siku ile ya harusi yetu."

Mkwe alirudi kwa miguu, oili mpaka viwikoni. "Taa nyekundu ya oili iliwaka, Baba. Nikadhani ni ule ubovu wake wa siku zote wa kuwaka ovyo." Akafungua kiganja: mipira miwili, mmoja mpya, mmoja mkavu uliopasuka.

Redio akauchomoa mkono wake, akafanya duara tena, pete ikimeta kidoleni. Safari hii hakuna aliyeuliza anataka nini.