Niliifunga Miche Nailoni, Mama Naisiae Akapoteza Shamba

Nimemdanganya mtu aliyeniamini, tena mtu ninayesali naye. Jina langu silitaji. Aibu niliyo nayo inanitosha!

Niko na kitalu cha miche kando ya barabara hapa Kitengela. Mteja wangu, nimwite Mama Naisiae, alipanda nyanya upande wa Kajiado zikafa zote. Aliponiletea mizizi ilikuwa na vinundu kama njugu. Nikajua ni minyoo ya udongoni. Nikamshauri apande pasheni ya zambarau iliyounganishwa juu ya shina la pasheni ya njano, maana mizizi ya njano huwavumilia hao minyoo.

Mumewe hakutaka kusikia habari ya matunda. Ekari hiyo ya nyanya ilikuwa malisho tangu enzi za baba yake. Akamwambia mkewe, "Jaribu hii mara moja. Ikikataa, ng'ombe zinarudi."

Basi mimi, jamani, nikaenda matanga magharibi mwa Kenya wiki nzima bila kumwachia mtu kazi ya kumwagilia. Nikarudi nikakuta jua limeikausha miche yote niliyokuwa nimemuunganishia juu ya njano. Na mama anakuja kuichukua Ijumaa! Badala ya kusema ukweli, nilichukua miche ya zambarau iliyoota kwa mbegu tu, nikaikwaruza mashina kwa wembe, nikaifunga nailoni ionekane imeunganishwa. Mia mbili! Nilijiambia labda minyoo wameshakufa. Wameuliwa na nani?

Baada ya miezi kadhaa akanipigia. "Dada, majani inanyauka mchana. Ama ni maji mimi naweka mingi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, punguza." Mungu wangu! Akapunguza. Alipouliza tena nikasingizia mbolea. Kila jibu langu lilimfanya ajione hajui kitu.

Wiki iliyopita mumewe aling'oa uzio wa shamba, ng'ombe wakaingia. Hakuna pasheni tena.

Jana nikamwona Mama Naisiae anakuja, viatu vimejaa vumbi. "Supa, dada," akanisalimia kwa Kimaasai. Nilijua amegundua, nikawa natafuta pa kukimbilia. Kumbe ameniletea maziwa.

"Nisamehe," akasema. "Ulinipea miche mzuri, mimi nikaua. Mzee anasema mimi sina mkono ya kupanda, na ni ukweli."

Nikapokea maziwa! Nikasema asante! Nikamsindikiza mpaka barabarani. Maziwa yamelala mezani, siwezi kuyanywa wala kuyamwaga.

Ninyi wenye vitalu, mche ukikauka semeni umekauka. Mteja atawatukana, atanunua kwingine, na mtalala usingizi. Msingoje mpaka mtu mliyemponza aje kuwaomba msamaha, hamtauweza mzigo huo. Nendeni mkamwambie leo, uso kwa uso. Mimi nimewaandikia ninyi nisiowajua, kwa sababu kwake nimeshindwa.