Mwanya wa Mama

Haijanitoka, mwanangu, nawe ndiyo kwanza unafika huku kuchora, siku ile baba aliponipigia simu kutoka Tabora, nami nikakaa vizuri nikingoja kusifiwa.

Nilikuwa kijana, nachora sura za watu kwenye duka moja hapa Dubai. Madam analeta picha yake, anataka ngozi ing'ae kidogo, pua ipungue, meno yakae sawa. Yalla, haya upesi, kesho iwe tayari. Sikuona ubaya, kazi ni kazi, na mkono ukazoea. Nilijiona fundi kwelikweli, usinicheke.

Mama alipofariki sikuwahi mazishi. Baba aliniomba kitu kimoja tu, nimchoree mama akicheka. Picha pekee iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, mdomo kaufunga, na mzee aliogopa kile kicheko kisije kikamtoka kichwani. Nikachora kwa kumbukumbu huku nalia, nikampa mwenzetu aliyekuwa anasafiri ampelekee.

Sasa kwenye simu baba akasema, "Umechora vizuri, mwanangu. Lakini huyu mwanamke mimi sikumwoa."

"Baba, ni mama huyo."

"Mwanya wake uko wapi?"

Nilikuwa nimeuziba. Mwanya ambao baba aliupenda kabla hata hajajua jina la mwenyewe, niliuziba kama nilivyokuwa naziba ya watu kila siku dukani, na wala sikujua kama nimeuziba. Aibu ile naiona mpaka leo.

Nikaanza upya. Nikafuta mara sijui ngapi, maana upana wake sikuukumbuka tena, ikabidi nimuulize mama mdogo. Hiyo ya pili niliipeleka mwenyewe. Baba akaishika kwa mikono miwili. "Umerudi," akaiambia, akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza.

Ile ya kwanza nilirudi nayo, ndiyo hiyo ukutani, hapa chumbani kwangu Discovery Gardens. Ulipoingia uliniuliza ni nani. Simjui, mwanangu.

Sikukatazi kujifunza ya huku, mimi yamenilisha na kunisomeshea watoto. Mpe arbab, bosi wako, anachotaka. Lakini usiache kuchora watu wa kwenu walivyo, na makovu yao na masikio yao makubwa, hata kama hakuna wa kununua. Mkono ukianza kusahau haukwambii.

Nenda, Mungu akubariki kazi ya mikono yako. Akupe riziki huku, na siku utakayorudi kwenu, uwajue nao wakujue.