Mkutano wa Mazingira Uliopigiwa Vigelegele

Jamani, mmewahi kuona mkutano wa mazingira ambao watu wamekuja na hina mikononi, asumini kichwani na vigelegele tayari kooni?

Mimi nimeuona. Na nusura unipotezee kazi.

Naitwa Huwaida, mtoto wa Matondoni. Ni karani kwenye ofisi ndogo ya serikali. Kampuni ikitaka kujenga, inaleta tangazo la tathmini ya mazingira. Nalipokea, nagonga muhuri, nabandika ubaoni ili wananchi wasome na watoe maoni.

Wananchi wenyewe hawasomi. Ubao ule una tangazo la mbuzi aliyepotea, na huyo mbuzi alisharudi akazaa.

Siku moja akaingia Kirimi, mshauri wa kampuni fulani kutoka bara. Viatu vinang'aa, inaonekana hajakutana na kinyesi cha punda bado. Nikasema moyoni, subiri tu.

Nikaanza kusoma tangazo lake. Muhuri ukabaki hewani.

Gati ya mafuta. Pale pale kwenye upwa ambapo mafundi wetu wanapandisha vyombo vya baharini kuvitengeneza. Baba yangu, Bwanamkuu, ametulisha kwa kazi ya upwa ule tangu sijazaliwa.

"Bwana Kirimi, hapa kuna watu wanafanya kazi."

"Ndiyo maana kuna tangazo, madam. Asiyesoma, shauri yake. Bandika hapo."

"Hapo" ni ile pembe ya ubao inayofunikwa na mlango ukiwa wazi. Na mlango wetu unafunguliwa asubuhi, unafungwa tukienda nyumbani. Jamaa alikuwa ameshapiga hesabu zake!

Niliwaka mpaka masikio yakapata moto. Lakini karani hana ruhusa ya kupinga mradi. Ukifungua mdomo unaambiwa una upande, kazi kwaheri.

Kukabaki mkutano wa maoni. Kirimi alitaka watu kidogo wa kupiga nao picha.

"Nitafutie akina mama wachache, wapole, wasio na maswali. Soda ipo."

Akina mama wapole. Matondoni. Nikakimeza kicheko.

"Nitakuitia Bi Barka," nikamwambia. "Kualika ndiyo kazi yake."

"Safi sana," akasema.

Kwetu harusi ya wanawake haialikwi kwa kadi. Kuna mama anayezunguka mlango kwa mlango, anabisha hodi, anasema ni kwa nani, wapi na lini. Bi Barka ndiye anayetualikia sote. Kirimi akampa maagizo mwenyewe: wachache tu.

Bi Barka akamtazama juu mpaka chini. "Haya, mwanangu. Nimesikia."

Siku ya mkutano Kirimi alipanga viti vya kutosha familia moja. Mara tukasikia vigelegele njiani.

Wakaingia wanawake, madera ya harusi, udi unanukia mpaka maafisa wa mazingira wakapiga chafya. Wakaingia wengine. Wakaingia tena. Nyuma yao wakaja waume zao, kwa sababu nyumbani hakuna aliyebaki kupika. Baba alikuja na mafundi wenzake, mavumbi ya mbao kichwani.

"Bwana harusi ni yupi?" mama mmoja akauliza.

Wote wakamgeukia Kirimi. Maskini, shati lililowa lote.

Akamvuta Bi Barka pembeni. "Nilisema wachache!"

"Wachache wepi? Nyumba moya ukiiruka, mwenyewe hasemi nawe hadi kiyama. Wewe una kwenu. Mimi nti yangu ni hii."

Afisa akasoma tangazo kwa sauti. Ndipo baba akasimama.

"Chombo kikivuya tukipandishe wapi? Msikitini?"

Vigelegele! Kuanzia hapo hakuna aliyekaa. Mikoko ikatajwa, samaki wakatajwa, mpaka mama yake Kirimi akatajwa, Mungu atusamehe. Soda ziliisha mapema, maoni hayakuisha.

Mwishowe kampuni ikaambiwa itafute mahali pengine. Siku hiyo nilimkuta baba upwani anapiga nyundo yake kama kawaida. Nikalia kama mtoto, wala sioni haya.

Basi bosi akaniita. Nikajua ndiyo imetoka.

Kumbe ofisi yetu imesifiwa! Eti hakujawahi kuwa na mkutano wa maoni uliojaa vile. Sifa zote kwa mshauri, Bwana Kirimi. Picha yake iko ubaoni mpaka leo, amevishwa asumini na Bi Barka, anatabasamu kama bwana harusi aliyelazimishwa.

Jioni akanipigia simu.

"Huwaida, wewe kweli hukujua yule mama hawezi kualika watu wachache?"

"Bwana Kirimi," nikamwambia, "mimi nimezaliwa Matondoni."

Akakata.

Funzo? Kubandika karatasi si kuwaambia watu. Ukitaka waje, bisha hodi.

Na wewe unayesoma hapa, kesho pita ofisi ya kwenu utazame ubao. Anzia nyuma ya mlango.