Msalaba wa tatu wa fundi Sakaya

Saa moja asubuhi, kwenye njia ya mifugo itokayo Oldonyo Sambu kwenda Arusha, fundi Sakaya anashusha timazi, uzi wenye uzito nchani, kando ya msalaba wa jiwe. Anasubiri uzi utulie.

Sakaya, mwenye umri wa miaka thelathini na minne hivi, alijifunza kuchonga mawe katika ujenzi wa boma la Wajerumani mjini Arusha. Mwaka jana mmisionari alimwonyesha picha ya misalaba ya njiani ya kwao, iliyochongwa miaka mia tano iliyopita, akamwagiza achonge kama ile. Mmoja humchukua siku ishirini na sita.

Wa kwanza uliangushwa na ng'ombe waliokuwa wakijikuna. Wa pili vilevile. Huu ukianguka, misheni itasimamisha wa mbao, na Sakaya atarudi kubeba chokaa.

"Ng'ombe hana kosa," anasema. "Uwanda huu hauna mti. Ajikunie wapi?"

Miezi mitano imepita tangu ausimamishe, na msalaba haujainama hata upana wa kidole. Sababu ni rundo la mawe lenye kimo cha goti, ambalo Sakaya hakuliweka yeye. Wafugaji wa hapa wakipita penye kaburi la mtu wa heshima huongeza jiwe. Walipouona msalaba, waliamini chini yake yupo mtu. Ng'ombe hawapendi kukanyaga mawe yanayoteleza, hupita mbali.

Tukiwa tunazungumza naye, anafika Bibi Namelok, jiwe mkononi.

"Koko, nilikwambia hapa hakuna maiti," Sakaya anamwambia, akimwita bibi kwa Kimaasai.

"Huyo mnayemkumbuka alizikwa wapi?"

"Mbali. Na kaburi lake ni tupu."

"Kumbe ana makaburi mawili, na hayumo hata katika moja! Huyo ni mkubwa kweli."

Analiweka jiwe lake, anaendelea na safari.

Muda mfupi baadaye anakuja Eliasi, mzee wa kanisa. Ametumwa na mchungaji kuhakikisha rundo linaondolewa, kwa kuwa linafanana na mila za zamani. Sakaya habishani. Anampa timazi.

Eliasi anapima upande mmoja, kisha wa pili.

"Umenyooka kuliko wewe," anamtania fundi. Anamrudishia timazi na kutazama rundo linalowazuia ng'ombe. "Yaache mawe. Mchungaji nitamweleza mimi."

Baada ya mavuno Sakaya anatarajia kusimamisha msalaba mwingine, njia ya Olasiti.

"Nitausimamisha, nikae pembeni," anasema. "Wafugaji wakiniuliza, jiwe mkononi, nani kazikwa hapo, nitachelewa kidogo kujibu."