Hakutoroka, Aliitwa Akaenda

Redio ndiyo iliyoniambia. Nilikuwa uani Jumanne asubuhi nikipukuchua mahindi ya mbegu, mtangazaji akasema taifa limempoteza mtaalamu mashuhuri wa ugaidi na mambo ya kijeshi, mzaliwa wa Bungoma. Jirani yangu, mama anayeuza matofali, alisimama ng'ambo ya ua akaniuliza, "Mwalimu, ati mtaalamu wa ugaidi? Si huyo ni Profesa wako wa historia, yule anakunywanga chai hapa na njugu? Kwani alikuwa anafanya hiyo kazi na hatujui?" Siku nyingine ningecheka. Nilimshukuru Mungu kwa maisha ya rafiki yangu, kama nilivyofundishwa kufanya kabla ya jambo jingine lolote, kisha hasira ikaja, na haijaondoka hadi ninapoandika haya. Mmenizoea mpole katika safu hii. Leo mnivumilie.

Tulikaa dawati moja katika shule ya misheni. Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili na mzee wa kanisa. Yeye akaenda chuo kikuu, akavuka bahari, akarudi na shahada ya historia ya vita. Alifundisha diplomasia kwa vijana ambao leo wako kwenye balozi zetu, akafundisha maafisa wa jeshi jinsi vita vilivyoanza zamani na jinsi vilivyokwisha, na baada ya lile bomu la Nairobi kila ofisi iliyokuwa na neno "usalama" mlangoni ilimtaka. Alikuwa na suti moja ya kahawia kwa shughuli hizo zote. Wikendi alirudi kwake karibu na Bokoli akavaa gambuti na kulima. Siku moja alinipeleka Lwakhakha, mpakani na Uganda, ili, kwa maneno yake, anionyeshe mabalozi wakiwa kazini. Nilitarajia wakubwa wa forodha. Akanionyesha akina mama wawili, mmoja wa huku na mwingine wa Uganda, wakigombania gunia la maharagwe lililolowa mvua njiani. Walitukanana, wakatukaniana hata wakwe, kisha wakagawana hasara na kuagana kwa kuulizana hali ya watoto. "Umeona?" akaniambia. "Hakuna aliyeondoka hapa bila kusikilizwa. Nimeandika kitabu kizima kusema hilo, na wao hawajakisoma."

Kusikiliza ndiko kulikokuwa kazi yake hasa, ingawa redio haikusema. Vurugu za ardhi zilipouchoma Mlima Elgon, na watu wakateremka na magodoro vichwani hadi Kitale na Bungoma, wataalamu wengi waliandika juu ya mlima huo wakiwa hotelini. Yeye alikwenda na daftari, penseli na kifutio. Aliandika kwa penseli kwa sababu alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa msomi mwingine: hakuondoka kwa mtu kabla ya kumsomea kwa sauti yote aliyoyaandika na kumwuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Mtu akisema sivyo, alifuta, akaandika upya, akasoma tena. Kazi ya saa moja ilichukua siku nzima. Wanafunzi wake walilalamika. Aliwaambia kwamba mwanahistoria asiyemsomea mwenye habari habari yake ni mwizi aliyevaa tai.

Nilikuwapo siku aliyokaa na mama mmoja aliyetoka mlimani, ambaye sasa anauza mboga za kienyeji katika soko la Kitale. Nilimfahamu mama huyo kwa sababu anasali katika kanisa letu, tawi la Kitale. Kijana wake wa kwanza, aliyekuwa amejifunza useremala, alichukuliwa nyumbani mchana na watu wenye bunduki, na hakurudi. Ni nani waliomchukua, wapo waliosema hivi na wapo waliosema vile, na Profesa aliandika yote mawili. Alipomaliza alimsomea. Alipofika penye maneno "kijana alipotoroka," mama aliweka chini fungu la mboga za saga alilokuwa akilichambua.

"Hapana. Hakutoroka."

"Nimekosea, mama. Nilisikia ati alitoka mbio."

"Wadogo wake ndio walitoka mbio. Yeye aliitwa jina, akasimama, akaenda. Mtu anatoroka ni mtu ako na makosa. Andika akaenda."

Profesa alifuta. Akaandika. Akasoma tena, polepole, na mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonikalisha kuandika leo. "Sasa weka jina yake hapo, yote matatu. Na siku moja uisome mbele ya watu. Mimi nimemwita kwa nyumba mpaka watoto wananiogopa. Nataka aitwe mahali watu wengi wanasikia, wajue hakutoroka." Profesa akaahidi. Kwa mila za mama yule na kwa mila zetu sisi wa Bungoma, mtu hazikwi bila kuitwa jina mbele ya watu. Na kijana huyo hakuwa na mwili wala kaburi. Jina tu ndilo lililobaki la kuzikwa.

Profesa alijaribu kutimiza ahadi hiyo kwa njia aliyoijua. Ofisi moja ilimwomba ripoti juu ya chanzo cha vurugu, akaiandika, na katika sura ya mwisho akaweka ushuhuda wa akina mama na majina ya waliopotea, kila jina kwa idhini ya aliyelitoa. Wakamwalika kwenye semina Kitale aisome. Nilikwenda naye, nikakaa nyuma. Kabla hajaanza, kijana nadhifu wa ofisi hiyo alimjia akiwa na karatasi mkononi. "Prof, kazi safi sana. Lakini hii sura ya mwisho tumeitoa. Hizi ni stori za wamama. Sisi tunataka uchambuzi. Tupatie tu sura ya gaidi: anaanza aje, anafikiria nini, tutamjua aje." Profesa akamwuliza, "Na sura ya mama?" Yule kijana akacheka kwa adabu, akadhani ni mzaha. Wakapiga makofi, wakatupa chakula cha mchana, wakachapisha kitabu chenye jalada la kung'aa. Hakuna jina hata moja ndani yake.

Nawauliza ninyi mnaokaa katika ofisi hizo, na najua baadhi yenu husoma safu hii: mlimtaka msomi wa nini? Mliwahi kumwita aje awaambie vita huanzaje. Akawaambia: huanza pale mtu anapopiga kelele kuhusu shamba lake mwaka baada ya mwaka na hakuna anayemsomea alichosema. Mkalikata jibu, mkaacha picha yake kwenye jalada. Kisha mkatuma wataalamu wengine kuja kuuliza swali lilelile. Ninyi si wajinga. Mngekuwa wajinga ningewaombea tu. Mlijua kwamba jina likishasomwa, anayelisikia hudaiwa jibu, na jibu hamkuwa nalo.

Lakini nikiwakasirikia ninyi peke yenu nitakuwa mnafiki. Jioni ya semina ile Profesa alikuja kwangu, hakunywa chai, akasema, "Nimemdanganya yule mama." Nami, mzee wa kanisa, nikampa maneno ambayo huwa nayatoa kama peremende: vumilia, Mungu ana wakati wake. "Mungu ana wakati wake," akasema. "Mimi na wewe je, wetu tunaumalizia wapi?" Nikaenda kumwaga chai yake iliyopoa.

Sasa mazishi. Mahema yalipigwa, vipaza sauti vikaletwa, waheshimiwa wakaja kwa magari yao. Wote walimwita ndugu, wote walisema aliwashauri. Mmoja alisema Profesa alitufundisha kuwatambua maadui zetu. Wasifu wake ulisomwa kwa haraka na mtu ambaye hakumjua, shule alizosoma, vyeo alivyopewa, nchi alizotembelea. Hakuna mtu aliyemsomea mjane wake kwanza na kumwuliza kama ndivyo. Katikati ya hotuba nilimwona mama wa mboga akija kutoka nyuma ya hema. Alikuwa ametoka Kitale alfajiri. Alimwendea mfawidhi, na mimi nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

"Kijana wangu, Profesa aliniahidi jina moja isomwe. Ni jina tu. Haichukui dakika."

"Mama, programu imejaa. Mheshimiwa ako na mkutano Kitale. Enda kwa ile hema ya wageni, watakupatia chakula."

"Mimi sikukuja kula."

"Basi kaa, mama, bana, usituharibie."

Akarudi nyuma, akasimama. Mimi ndiye niliyefuata kwenye programu, rafiki wa marehemu, dakika mbili. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Nilimshukuru Mungu, nikaishukuru familia, nikawashukuru waheshimiwa kwa kuacha shughuli zao, nikaketi. Nilifanya vizuri kabisa kila kitu ambacho si muhimu.

Wiki iliyofuata mjane alinikabidhi lile daftari. Mumewe alikuwa ameandika jina langu kwenye karatasi na kuibandika juu yake, bila neno lingine. Jumapili nililipeleka kanisani, tawi la Kitale. Wakati wa matangazo, baada ya habari za kwaya na za harambee ya mabati, nilimwomba mchungaji nafasi, nikafungua ukurasa. Nikasoma yaliyoandikwa kwa penseli: aliitwa jina, akasimama, akaenda. Kisha nikalisoma jina, yote matatu. Hakuna aliyeniambia nisome majina mengine, lakini watu walianza kuinuka mmoja mmoja kwenye mabenchi, akina mama hasa, na kila mmoja akataja lake mwenyewe. Ibada ilichelewa sana kwisha. Mchungaji hakuangalia saa.

Jina hilo silichapishi hapa, maana safu hii haijawahi kumtaja mtu, na mama hakuomba gazeti. Lakini kabla ya kuyatuma haya kwa mhariri nilikwenda sokoni, nikakaa kwenye gunia kando ya mboga zake, nikamsomea yote kwa sauti, wapita njia wakitushangaa. Ninyi mnaoandika ripoti, mnaopitisha sheria, mnaohubiri, na mimi nikiwa wa kwanza, hilo ndilo funzo aliloliacha Profesa, nalo halihitaji shahada: nenda ukamsomee mwenyewe, na uwe na kifutio. Kwani nilipofika penye mazishi, ambapo nilikuwa nimeandika kwamba mama alirudi nyuma ya hema, akasimama akilia, alinizuia kwa mkono.

"Mwalimu, hapo futa. Sikulia. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nimefuta.