Niligongwa na Motokari, Nikaomba Msamaha Mimi

Motokari ilinigonga, ikanitupa mtaroni, halafu mimi niliyegongwa ndiye niliyeomba msamaha.

Msinicheke kwanza. Kiwekeni akiba hicho kicheko, mkifika mwisho mtaona wenyewe kama bado mnakihitaji.

Zama za Mjerumani hizo, hapa hapa Arusha, miaka michache kabla ya vita. Naitwa Saruni, Mwarusha wa Elerai. Misheni walinipa baiskeli ya kupelekea barua na dawa mpaka Maji ya Chai.

Waliojua kuendesha kile chombo walikuwa wachache, kwa hiyo maringo yangu acha tu. Nikikaribia sokoni napiga kengele hata kama njia haina mtu.

Na nilikuwa na mchumba. Nasieku, binti wa mzee Parsimei. Harusi ilikuwa baada ya mavuno.

Asubuhi hiyo natoka mjini, nimeshika upande wangu. Kwa mbele naona motokari ya Bwana Miwani inakuja. Huyo alikuwa mlowezi wa Nduruma, na jina tulimpa sisi kwa sababu ya miwani yake mikubwa ya kuzuia vumbi.

Ghafla ikahama upande. Ikanijia mimi.

Nikakata kona, nikachelewa. Ikanipiga gurudumu la nyuma, usukani wa baiskeli ukavunja taa yake, na mimi huyo mtaroni. Kiwiko kimechunika, goti linawaka moto.

Nainua kichwa, namwona Bwana Miwani anatelemka na kiboko mkononi.

Jamani, hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu, tangu utotoni, ukikosa na baba akashika fimbo, unang'oa majani na kuyainua juu. Maana yake nimekosa, nisamehe. Mtu mwenye utu hampigi aliyeshika majani.

Mkono wangu ulishang'oa kabla akili haijafika. Nikayainua juu.

Bwana Miwani akasimama, hajui anatazama nini. Mpishi wake Kaanaeli, Mmeru, alikuwa amekaa nyuma na makapu ya sokoni. Bwana akamgeukia.

"Huyu nataka nini?"

"Anasema kosa ni lake, Bwana."

Kiboko kikashuka. Uso wa yule mzungu ukafunguka, akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama mmoja muuza maziwa, Naipanoi, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya njia. "Wewe Saruni una wazimu? Motokari ndiyo imekufuata!"

"Nyamaza, yeyo, mama yangu. Yameisha."

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Upande wa pili wa mtaro alisimama mzee na mbuzi wake. Naye alikuwa ameona kila kitu. Alikuwa Parsimei, mkwe wangu mtarajiwa.

Bwana Miwani akatoa hukumu pale pale. Taa mpya itaagizwa Ulaya. Mpaka ifike, mimi nitatangulia mbele ya motokari yake kwa baiskeli, nikipiga kengele, ili watu na mifugo wapishe.

Nikakimbilia misheni. Mwalimu Solomoni akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Umekiri mwenyewe mbele za watu. Sisi tutasema nini?"

Na baiskeli? Gurudumu nilishalinyoosha kwa jiwe jioni ile ile, kwa aibu. Hata alama za magurudumu njiani mvua ilishazifuta.

Basi nikawa mtu wa kengele.

Nikipunguza mwendo, honi. Nikiongeza mwendo, honi. Joto la injini liko mgongoni, na najua nikiteleza tu napondwa. Usiku nalala kwenye banda la magunia huko Nduruma, na mlango unafungwa kwa nje.

Siku moja tukapita karibu na Nasieku. Amebeba ndizi, akasimama kunitazama. Sikuweza kusimama. Nikapiga kengele, nikapita. Niliumia siku ile kuliko siku ya kugongwa.

Mavuno yakaja, yakaisha. Kila nikiuliza taa, jibu ni lile lile: "Iko njiani."

Mchana mmoja injini ilichemka, tukasimama mtoni ipoe. Bwana kalala kivulini. Kaanaeli akanisogelea.

"Saruni, unajua hiyo kengele ni ya nini?"

"Si adhabu ya taa?"

Akacheka, cheko la huruma. "Adhabu! Hiyo ni amri ya boma, ya serikali. Aliua ndama wa akida, akaambiwa motokari isitembee bila mtu wa kutangulia na kengele. Akigonga tena bila huyo mtu, inafungiwa. Sasa mtu mwenyewe alitoroka, na mwingine hakupatikana. Wewe umegongwa siku hakuna mtu mbele."

Nikairudia ile asubuhi kichwani.

"Lakini alishuka na kiboko."

"Alikishika kwa hofu, ndugu yangu. Ulipoanguka tu, alisema amekwisha. Ungekaa kimya kidogo tu, angekubembeleza yeye."

Sikulala siku hiyo. Nilikuwa nimemwomba msamaha mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kuniomba mimi.

Jumapili banda lilikuwa wazi kwa sababu ya ibada. Sikwenda ibadani. Nilikwenda kwa Parsimei.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza yote. Nikamwomba twende boma, aseme alichokiona.

Akasogeza kigoda chake karibu na changu. Kisha akasema, "Macho yangu yaliona motokari imekufuata. Macho hayo hayo yalikuona umeshika majani. Niseme lipi?"

"Sema yote mawili, mzee."

"Nikisema yote mawili, nimesema kwamba uliinua majani ya uongo. Kwa majani hayo tunaomba amani hapa. Mtu anayeyainua na moyoni anajua hakukosa, kesho akikosa kweli tutamwaminije?"

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Kila mtu anaogopa." Akanitazama sawasawa. "Nitakwenda na wewe. Sitakuacha ufie kwenye kengele ya mtu. Lakini nikishayasema hayo mbele ya watu, binti wa kukupa sina."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua maana ya kubanwa.

Nikinyamaza, Nasieku ni wangu na siwezi kumwoa, maana mtu aliyefungiwa banda la magunia ataoa lini? Nikisema, natoka bandani na Nasieku simpati. Nilitafuta njia ya tatu, nikakosa.

Nasieku alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akasema, "Baba, mimi nitangoja."

"Utangoja nini?" Parsimei akamuuliza, wala hakuwa mkali. Nasieku aligeuka. Alinitazama mimi, anataka nijibu mimi.

Nikasema, "Twende boma, mzee."

Kesho yake bwana shauri, Mjerumani aliyeamua kesi za boma, alitusikiliza barazani. Bwana Miwani aliitwa, akaja na Kaanaeli. Akasimama ametulia kabisa.

Parsimei akasema yote mawili, kama alivyoahidi. Bwana shauri akakunja uso.

"Jeraha liko wapi?"

Limepona.

"Baiskeli iliyovunjika?"

Nilishainyoosha.

"Basi shauri gani hili? Amekiri, na amri ya kengele inafuatwa."

Nikaona naishia pale. Lakini mdomo ukafunguka.

"Bwana, naomba uulize kitu kimoja. Siku ile niliyogongwa, nani alitangulia na kengele?"



Bwana Miwani akamtupia jicho Kaanaeli. Bwana shauri akamgeukia mpishi.

"Wewe ulikuwepo. Nani?"

Kaanaeli akasogea mbele. Alijua anapoteza kazi. "Hakuna mtu, Bwana. Hakukuwa na mtu."

Motokari ilifungiwa nyuma ya boma siku ile ile. Mimi nikaondoka na baiskeli yangu, bila kuambiwa pole na yeyote.

Nje, Parsimei alinipa mkono. "Umesema vizuri mle ndani," akaniambia. "Ungesema hivyo mtaroni, ningechinja ng'ombe."

Nikadhani amelegea. Nikamwuliza habari za Nasieku.

Alitikisa kichwa, akafuata mbuzi wake.

Nasieku aliolewa Kisongo msimu uliofuata. Alikuwa amengoja, kama alivyosema. Baba yake hakungoja.

Haya, mnaopanda baiskeli, mkigongwa hata kidogo, msiruke kusimama. Keti, jitazame mwili wako wote, maana goti linajificha siku ya kwanza na kuuma siku ya tatu. Chombo kiache kilivyoanguka, watu wakione. Aliyepaza sauti upande wako usimnyamazishe, muulize jina na kwao. Uliza pia aliyekugonga alitakiwa kufuata amri gani njiani siku hiyo.

Na msamaha, ndugu yangu, uombe ukishajua umekosa nini. Mimi nilijua sikukosa, nikaomba hivyo hivyo. Parsimei hakuweza kunisamehe hilo, na mpaka leo sijapata jibu ambalo ningempa.