Jiwe la Goma Ndani ya Basketi

Mimi Joyeuse, muuza vitenge wa soko la Birere, hapa Goma, sina haya ya kusema: nilikuwa na kilo quatre-vingt-seize, tisini na sita, na mguu wa kuume uliokufa ganzi. Ni sukari iliyoleta ganzi hiyo. Nilipotaka kwenda vakanse, kupumzika kwa kaka yangu Bukavu, Dokta Cirimwami alinipima, akavua miwani. "Mama Joyeuse, vakanse ndiyo inaniharibia wagonjwa. Wanaenda kula. Wewe rudi na kilo quatre-vingt-dix, tisini tu, na kila jioni utazame nyayo zako kwa kioo hiki. Bila hivyo, huo mguu tutaukata."

Sikuogopa, na hilo ndilo lililonishangaza. Tangu bwana yangu Rémy azikwe, miaka miwili, sikuwa ninaogopa wala kulia. Nilikuwa ninakula tu. Ninauza ninakula, ninafunga meza ninakula, na utamu siusikii. Majirani wa mtaa wetu wa Mapendo wakasema, "Mujane gani huyu ananenepa hivi?" Midomo yao! Lakini mguu wangu niliutaka. Kitenge hakiuzwi na mutu aliyekaa. Birere ukikaa, mwenzako amekwisha kukamata mteja wako.

Nikapanda boti. Bukavu nikapokelewa na mulamu wangu Nshobole, bibi ya kaka Aubin. Kwa huyo mama, mugeni akirudi kwao bila kunona ni aibu ya nyumba nzima. Jioni ya kwanza akaniwekea bugali kubwa kama kichwa cha mutoto, sombe, majani ya muhogo, inaelea katika mawese, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, juu yake.

"Kula, mulamu. Ukifika Goma umekonda, watasema Nshobole alificha sufuria."

"Dokta amenikataza."

"Dokta wako yeye anakula kwa nani?"

Kukataa chakula cha mulamu ni kununua ugomvi wa miaka. Nikakata shauri: nitakula sahani moja, ya pili nitaikataa hata akinuna, na kila asubuhi nitavaa basketi, viatu vyangu vya michezo, nishuke kwa miguu mpaka ziwani, halafu nipande tena mpaka nyumbani Kadutu. Bukavu ni milima tupu. Kilima kile kilinitoa jasho mpaka kwenye masikio.

Mutu wa Goma hafundishwi: kabla ya kuvaa kiatu, unakikung'uta. Kwetu chini ni mawe ya volkano, meusi, makali, yanaingia mpaka kitandani. Lakini Bukavu udongo ni mwekundu na laini. Nikasema, huku hakuna mawe, nikung'ute nini? Nikaacha, toka siku ile ya kwanza. Na kioo cha dokta kikabaki katika sakoshi, mkoba wangu wa mkononi. Tumbo halikuniacha niiname, na kumwomba Nshobole anitazamie nyayo, hapana, niliona haya.

Nikatembea siku kumi na nne. Sikuumia popote. Kitenge nilichojifunga kikaanza kulegea, na Nshobole akaanza kununa kwelikweli. "Unanitukanisha, mulamu," akasema, akaniongezea nyama. Siku ya mwisho aliona doa kwenye soksi yangu ya kuume.

"Hiyo ni nini?"

"Matope ya kwenu," nikamjibu. Na niliamini ni matope.

Kurudi Goma nikaenda moja kwa moja kwa dokta. Nesi akanipandisha kwenye balansi ya kupimia kilo na viatu vyangu vyote. Quatre-vingt-dix, kamili! Dokta akapiga makofi. "Félicitations, mama! Wewe utafundisha wengine. Haya, vua tuone mguu."

Nikavuta basketi ya kuume. Jiwe likaanguka kwenye sakafu. Dogo, jeusi, kama punje ya haragi. Lilikuwa limejibanza ndani ya kiatu, pale bitana ilipopasuka. Jiwe la kwetu. Nilitoka nalo nyumbani, nikavuka nalo ziwa, nikapanda nalo kile kilima kila asubuhi. Soksi ilikataa kutoka, imegandia kidonda. Dokta akaacha kucheka. Akauliza, pole pole, "Mama, na kioo?" Nikafungua sakoshi nikamupa. Kilikuwa bado katika karatasi yake.

Wakakata chini ya goti, siku ya tatu. Majirani wakaja hospitali na methali yao: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilisikia, ninyi! Nilisikia nusu. Niliwaambia hivyo, nikageukia ukuta. Sikulia. Nililala pale kama furushi la vitenge ambalo mutu amelisahau bandarini.

Nshobole akaja na boti, amebeba sufuria ya sombe kwenye mapaja njia nzima. Akanipakulia mchana ule, akakaa pembeni ya kitanda. Ndipo nikasikia jiwe. Nilisikia kabisa, pale chini ya kidole gumba, linanichoma, lile lile.

"Mulamu!" nikapiga kelele. "Nitolee hilo jiwe! Liko mguuni, nitolee!"

Akainua shuka upesi. Akatazama mahali pale ambapo hapakuwa na kitu. Akanitazama mimi. Nikaanza kulia, ninalilia mguu, ninamulilia Rémy, vyote mara moja, kwa sauti, mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Nshobole akaweka sahani chini ya kitanda, akanishika. Kwa mara ya kwanza hakuniambia nile.